MKAGUZI WA USAFI ANATAFUTA NINI KATIKA SUFURIA YETU?



Mkaguzi wa usalama wa kazi unamjua vizuri. Anafika kwenye karakana, anatazama kofia yako, viatu vyako, kizuizi cha mashine, taa ya hatari. Ukimwona hushangai. Unajua kwamba anatafuta hatari kabla hatari haijakutafuta wewe.

Lakini kuna mkaguzi mwingine. Huyu anaingia katika jiko la kantini, anafungua frigo, anainama kutazama chini ya meza, anamwomba mpishi aonyeshe mikono yake. Anapita sokoni, kwenye duka la nyama, katika malewa, hata kwa mama anayeuza bukari na sombe karibu na mlango wa kiwanda. Ni mkaguzi wa usafi, yule tunayezoea kumwita «mtu wa ijeni». Wengi wetu tukimwona tunajiuliza neno moja tu: leo atataka pesa ngapi?

Hilo ni kosa, na kosa hilo linaweza kutugharimu mtoto. Ukurasa wetu wa leo unataka kukueleza mkaguzi huyo anatafuta nini, na kwa sababu gani. Ukijua hayo utapata faida mbili. Ya kwanza: hakuna atakayekudanganya kwa jina la usafi. Ya pili: utaweza kufanya kazi hiyo wewe mwenyewe, nyumbani kwako, fasi ambayo mkaguzi hafiki.

ADUI ASIYENUKA

Watu husema: «Chakula kibaya kinajulikana kwa harufu.» Si kweli kila mara. Nyama iliyooza inanuka, nawe unaitupa, hiyo haikudhuru. Chakula kinachopeleka watu hospitali mara nyingi ni kizuri kwa macho, kizuri kwa pua, na kitamu mdomoni. Vijidudu vinavyoleta homa ya tumbo (tifoide), kolera au kuhara damu havina rangi wala harufu. Havionekani bila darubini.

Mkaguzi naye hawezi kuviona kwa macho. Ndiyo maana hatazami chakula peke yake. Anatazama NJIA ambazo vijidudu vinapita ili kufika kwenye sahani: maji, mikono, kisu, nzi, panya, na saa. Ndiyo, hata saa! Sasa tuone.

TUFUATE SUFURIA MOJA

Tuseme mpishi wa kantini amepika kuku na mchuzi, sufuria kubwa. Zamu ya mchana imekula, imeshiba. Nusu ya sufuria inabaki. Mpishi anafikiri: «Zamu ya usiku nayo itakula.» Anaifunika sufuria na kuiacha mezani. Mchuzi unapoa polepole, unakuwa vuguvugu.

Baadaye msaidizi wake anaupakua kwenye chombo kingine. Ana kidonda kidogo kwenye kidole, nacho kina usaha. Vijidudu vichache vinaingia.

Katika joto linalovifaa, vijidudu vingi vinaweza kujigawa mara moja kila dakika 20. Kimoja kinakuwa 2, kisha 4, kisha 8: hiyo ni saa moja tu imepita. Piga hesabu wewe mwenyewe. Baada ya saa 7, kile kimoja kimezaa zaidi ya milioni 2. Na havikuingia kimoja, viliingia vingi.

Usiku umefika. Mpishi anarudisha mchuzi motoni, unachemka kweli kweli. Anasema: «Moto umeua kila kitu.» Moto umeua vijidudu, ni kweli. Lakini vijidudu vingine vya usaha hutoa sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiharibiwi na kuchemsha. Wafanyakazi wanakula, wanashuka kazini. Kabla ya saa 6 kupita, mmoja anatapika, wa pili anashika tumbo, wa tatu anaona kizunguzungu. Na huyo wa tatu yuko kwenye usukani wa gari kubwa la madini.

Unaona sasa, ndugu? Ajali ile ingeandikwa katika karne ya ajali za gari. Kumbe ilianza jikoni.

MASWALI 6 YA MKAGUZI

Mkaguzi anayejua kazi yake anaingia na maswali haya kichwani.

1. Maji yanatoka wapi? Robine, kisima, mto? Yanawekwa katika chombo gani? Kina kifuniko? Watu wanachota kwa kikombe chenye mpini, au kila mtu anatumbukiza mkono wake? Maji yasiyo hakika yachemshwe mpaka yatokote vizuri, au yatiwe javeli kwa kipimo kilichoonyeshwa na dispanseri. Barafu ni maji vilevile. Munkoyo ulioongezwa maji mabichi baada ya kupikwa ni maji mabichi.

2. Mpishi ni mzima? Mkaguzi anatazama mikono, kucha, vidonda. Anauliza kama wapishi wanapimwa damu na choo. Sababu gani kumpima mtu anayeonekana mzima? Kwa sababu mtu aliyepona tifoide anaweza kubaki na vijidudu tumboni muda mrefu bila kuumwa hata kidogo, naye akavipanda katika kila chakula anachogusa. Mtu huyo si mwovu. Anahitaji dawa, na kazi nyingine kwa muda. Kadhalika mpishi anayeharisha asikae jikoni. Na mkubwa wake asimkate mshahara kwa sababu amesema ukweli, maana kesho hatasema.

3. Kibichi na kilichopikwa vimetengwa? Kisu kilichokata kuku mbichi kisikate nyanya za kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Katika frigo, nyama mbichi ikae chini na chakula kilichopikwa kikae juu, ili damu isidondoke juu yake.

4. Moto na baridi vinatosha? Hapa kuna hesabu tatu za kukumbuka. Nyama iive mpaka ndani, joto la digrii 70 au zaidi: ukiikata, isitoe maji mekundu. Chakula kinachongoja walaji kikae na moto wa kupita digrii 60, au katika baridi isiyofika digrii 5. Na chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 nje ya moto na nje ya frigo. Sufuria kubwa haipoi upesi katikati. Ndiyo maana mpishi mwenye akili anaigawa katika vyombo vidogo vifupi kabla ya kuitia katika frigo. Umeme ukikatika, frigo ni kabati tu. Usifungue mlango wake ovyo, nawe uhesabu saa.

5. Chakula kimetoka wapi? Nyama ina stempu ya machinjio? Stempu si mapambo. Maana yake ni kwamba mtu aliyefundishwa amemtazama mnyama kabla ya kuchinjwa na baada ya kuchinjwa. Kwa nguruwe anatazama ulimi, moyo na misuli, akitafuta vidonge vyeupe kama punje za mchele. Hivyo ni watoto wa tegu. Ukila nyama hiyo bila kuiva, tegu atakua tumboni mwako. Na mayai yanayotoka katika choo cha mtu mwenye tegu, yakifika kwenye chakula au maji ya wengine, yanaweza kuleta vidonge hivyo mpaka katika ubongo wa mtu, na kumletea kifafa. Kwa hiyo nguruwe anayezurura kwenye vyoo vya wazi ni hatari kwa mtaa mzima.

Unga na karanga: vina ukungu? Usiseme «nitapepeta, nitapika». Ukungu wa mahindi na karanga unaweza kuacha sumu inayoharibu ini, na moto wa bukari hauiondoi. Mkebe uliovimba: tupa. Samaki wa kukauka ambaye nzi hamgusi kabisa, katika soko lenye nzi tele: jiulize amepuliziwa dawa gani. Kwa vyakula vinavyotoka nje, kama vile vinavyopita Kasumbalesa, kuna shirika la serikali la ukaguzi, OCC, lililoanzishwa mwaka 1974 kwa jina la OZAC. Lakini tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti wewe pia unaweza kuisoma. Isome.

6. Takataka na choo viko wapi? Nzi hana njia mbili. Anatoka chooni anakuja kwenye sahani, na miguu yake haifuti. Pipa la takataka bila kifuniko karibu na jiko ni kumwalika yeye na panya. Na choo bila maji na sabuni ya kunawa ni choo nusu.

MKONO WENYE VUMBI LA MADINI

Kwetu sisi watu wa migodi kuna swali la saba, ambalo mkaguzi wa mjini anaweza kulisahau.

Vumbi la kazi yetu si udongo tu. Lina shaba, lina kobalti, na pengine risasi na madini mengine. Mwaka 2009 wachunguzi wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao juu ya watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda. Walipima mkojo wao, wakakuta kobalti nyingi sana, hata kwa watoto. Vumbi linaingia kwa pua, lakini linaingia kwa mdomo pia.

Basi, usile penye kazi. Usiweke mkate katika mfuko wa nguo za kazi. Vua nguo za juu, nawa mikono na uso kwa sabuni, kisha uingie kantini. Sigara nayo ni mkono unaokwenda mdomoni. Na nguo za kazi usizifikishe jikoni nyumbani, wala mtoto asikurukie shingoni kabla hujaoga. Kupenda mtoto ni kumwambia: «Ngoja kidogo, baba aoge.»

Neno lingine la kwetu ni mapipa na bido. Chombo kilicholeta asidi au dawa za kiwanda hakiwi chombo cha maji ya kunywa, hata ukikisugua mara kumi. Gunia la dawa halianikiwi mihogo. Na pipa la bati lililopakwa zinki, ingawa ni jipya na safi, lisitumike kwa munkoyo au kinywaji kingine chenye uchachu: uchachu unakula zinki, na wanywaji watatapika. Wewe unayefanya kazi na asidi na metali unalijua hilo kuliko wengine. Mweleze bibi yako, na mweleze muuzaji.

UKAGUZI WA KWELI UNA MPANGO

Katika nchi yetu, sheria ya tarehe 13 Desemba 2018 imeweka misingi ya mpango wa afya ya watu wote. Mjini na kijijini, kazi hiyo inapita katika zoni ya afya, chini ya munganga wake mkuu. Kampuni nayo ina waganga wake na watu wake wa usalama. Hao wote wanapaswa kusaidiana, si kukimbiana.

Mkaguzi wa kweli anajitambulisha na kuonyesha karatasi ya kazi yake. Anatazama fasi yote, hakai mlangoni. Anaeleza kosa na sababu yake. Anaandika alichoona, anaacha nakala, anatoa siku za kutengeneza, kisha anarudi kuona kama imetengenezwa. Kama kuna pesa ya kulipa, inalipwa kwa risiti. Kama hatari ni kubwa, anafunga jiko siku hiyo hiyo, hata kama wapishi wanalalamika.

Yule asiyetazama sufuria bali anatazama mfuko wako tu, huyo hakukagua kitu. Na wewe mwenye malewa, unayemnyoshea «madesu ya bana» ili afumbe macho, jua neno moja: kijidudu hakichukui madesu ya bana. Mkaguzi atafumba macho. Kijidudu kitaendelea na kazi yake. Pesa ile ingenunua sabuni ya mwezi mzima na ndoo yenye robine.

Kuna wanaosema: «Wazee wetu walikula bila ukaguzi, wakaishi.» Wengine waliishi. Lakini tukumbuke kambi za kwanza za migodi ya Katanga, katika miaka iliyofuata kuanzishwa kwa Union Minière mwaka 1906. Kuhara damu, tifoide na ugonjwa wa mapafu viliua wafanyakazi wengi, vijana wenye nguvu waliotoka mbali. Vifo vilipungua wakati maji safi, vyoo, nyumba nzuri na chakula bora vilipowafikia watu. Wala tusifikiri kwamba mambo hayo ni ya zamani tu. Mwaka 2008 kolera iliingia Lubumbashi na Likasi. Njia zake zilikuwa zile zile: maji, mikono, chakula.

UKIONA WATU WANAUGUA PAMOJA

Watu wawili au zaidi waliokula pamoja wakianza kutapika au kuharisha, fanya hivi:

– Mpe mgonjwa maji ya kunywa mara moja, kidogo kidogo, bila kungoja. Kama huna pakiti ya dispanseri, chukua litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi.

– Mpeleke kwa munganga. Kuharisha maji kama ya mchele, macho kuingia ndani, damu katika choo, homa kali, mtoto kulegea: hapo usingoje asubuhi.

– Usitupe chakula kilichobaki, wala usikile. Kifunike, ukitenge, uwaite watu wa afya.

– Sema ukweli juu ya ulichokula, wapi na saa ngapi. Saa inasaidia sana. Kutapika baada ya saa 1 mpaka 6 kunaonyesha mara nyingi sumu iliyokuwa tayari katika chakula. Kuharisha na homa baada ya nusu siku mpaka siku 3 kunaonyesha vijidudu vilivyokua tumboni. Tifoide huja polepole, juma 1 mpaka 3 baadaye. Mkaguzi atawauliza hata wasiougua walikula nini, maana akilinganisha ndipo atakapojua ni sahani gani yenye kosa. Basi usikasirike akikuuliza nawe ni mzima.

Na tusimwaibishe mpishi au mama muuzaji kabla ya uchunguzi. Akiogopa aibu, ataosha sufuria na kuficha dalili zote. Ndipo ugonjwa utakapoendelea kula watu.

NYUMBANI MKAGUZI NI WEWE

Mkaguzi anakaa kantini saa moja, kisha anakwenda. Siku ina saa 24. Nani atakagua saa zilizobaki? Ni mpishi, ni mlaji, ni mama, ni baba.

Kwa hiyo leo jioni, ukifika nyumbani na kuoga, fanya ukaguzi mmoja. Usimfanyie bibi yako kama polisi. Fanyeni pamoja, na watoto watazame. Ndoo ya maji ina kifuniko? Sabuni iko karibu na choo? Bukari na mboga ya mchana imekaa wapi tangu saa ile? Bido ile ya maji ilileta kitu gani zamani? Mkikuta kosa moja, litengenezeni leo. Kesho mtafute lingine.

Na kazini, mlaji ana haki ya kusema. Ukiona mchuzi vuguvugu, mpishi mwenye kidonda, nyama bila stempu, mwambie mkubwa wa kantini kwa heshima, au mjumbe wenu wa usalama. Ukiona kamba ya mashine imekatika hunyamazi. Basi usinyamaze mbele ya sufuria.

KUMBUKA:

Nawa mikono kwa sabuni, kabla ya kupika, kabla ya kula, baada ya choo.
Tenga kibichi na kilichopikwa.
Pika mpaka kiive ndani.
Saa 2 zikipita nje ya moto na nje ya frigo, usikile.
Maji safi, chombo safi.
Vumbi la kazi libaki kazini.

Mikono safi, sufuria safi, jamaa nzima.